Colin Chapman: Aliyewapa vijana wa kawaida magari ya kasi, kisha akawapa kisogo

MNAMO 1957, kijana wa Uingereza mwenye mshahara wa kawaida, sanduku la spana na nafasi ya kutosha nyuma ya nyumba ya wazazi wake aliweza kuagiza gari la mbio likiwa vipande vipande, akaliunganisha kwa mikono yake, akaliendesha kwenda kazini siku za juma na kushindana nalo siku za mapumziko.

Gari hilo lilikuwa Lotus Seven. Halikuwa na milango wala paa la maana, na mvua ilipomkuta dereva njiani alilowa chepechepe. Hata hivyo, lilikuwa jepesi kiasi cha kuyaaibisha magari yaliyogharimu mara mbili au tatu ya bei yake.

Aliyelibuni, mhandisi Colin Chapman, hakuwa tajiri wakati huo. Miaka 17 baadaye, utajiri ukiwa umemfikia, alizindua gari la watu wanne lenye mazulia na viti vya kifahari, bei yake ikizidi pauni 5,000. Seven alikuwa amekwisha kumwachia mtu mwingine. Jinsi alivyotoka kule hadi huku ndiko kunakoyafanya maisha yake yastahili kusimuliwa, hata na watu ambao hawajawahi kuiona Lotus barabarani.

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa Mei 19, 1928 mjini Richmond, viungani mwa London. Alilelewa katika mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo, ambako babake, Stanley, alisimamia baa na nyumba ya wageni iliyoitwa Railway Hotel. Hayakuwa maisha ya ukata, lakini hayakuwa pia ya mwana wa lodi.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mbio za magari nchini Uingereza zilinuka pesa za urithi. Uwanja wa Brooklands, uliokuwa kitovu cha mchezo huo, ulijitangaza waziwazi kuwa mahali pa watu wa tabaka fulani. Mwana wa msimamizi wa baa alikaribishwa kutazama tu.

Chapman alijiunga na Chuo Kikuu cha London, kitivo cha uhandisi, mwaka 1945 na kusomea ujenzi wa mihimili na majengo. Pembeni alifanya biashara ya kununua na kuuza magari makuukuu pamoja na rafiki yake. Mwishoni mwa 1947 serikali ilifuta mgao wa petroli kwa magari ya watu binafsi, bei za magari zikaanguka, na mwanafunzi huyo akajikuta akiuza kila alichokuwa nacho kwa hasara.

Lilibaki gari moja tu ambalo hakuna aliyelitaka: Austin Seven ya mwaka 1930. Hilo ndilo alilolivua bodi, akalivika jingine la mbao nyembamba na bati la alumini, na kwenda nalo kwenye mashindano ya kupanda vilima vya matope. Kazi hiyo aliifanyia katika gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake, Hazel Williams, huko Muswell Hill. Aliliita Lotus, yaani yungiyungi, na maana ya jina hilo hakuwahi kuifichua hadharani.

Baada ya kutumikia jeshi la wanahewa kwa muda mfupi, alipata kazi katika kampuni ya British Aluminium. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wajenzi kwamba madini hayo mepesi yangeweza kubeba mzigo uliozoeleka kubebwa na chuma. Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi kwa mtu ambaye baadaye angejulikana kwa kupunguza kila gramu isiyohitajika.

Mwaka 1951 aliingia katika mashindano ya klabu ya 750 Motor Club, iliyowaleta pamoja watu wa kipato cha chini waliorekebisha magari ya Austin Seven. Injini ya gari hilo ilikuwa na matundu mawili tu ya kuingizia hewa na mafuta, ilhali ilikuwa na silinda nne. Chapman aliyagawa matundu hayo kwa kizuizi ndani ya bomba, kila silinda ikapata njia yake. Aliwashinda wenzake kwa umbali mkubwa hivi kwamba klabu ililazimika kubadili kanuni na kuupiga marufuku ujanja huo. Haikuwa mara ya mwisho kwa wasimamizi wa mbio kuandika kanuni mpya kwa sababu yake.

Mnamo Januari 1, 1952 alianzisha kampuni ya Lotus Engineering. Mtaji ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye alimwoa mwaka 1954. Karakana ilikuwa zizi la zamani la farasi nyuma ya baa ya babake, mahali ambapo hapa Kenya pangeitwa jua kali bila kusita.

Mchana Chapman aliendelea na kazi yake ya kuajiriwa. Usiku aliingia zizini pamoja na vijana waliomsaidia kwa ujira mdogo au bila ujira wowote, wakiridhika kuruhusiwa kugusa magari ya mbio. Miongoni mwao alikuwamo Mike Costin, na baadaye Keith Duckworth, ambao wangeungana kuanzisha kampuni ya injini ya Cosworth.

Alikuwamo pia kijana aliyeitwa Graham Hill, ambaye hakuwa na senti mfukoni na alikuwa amepata leseni ya kuendesha gari akiwa na umri wa miaka 24. Aliomba lifti kutoka uwanja wa Brands Hatch hadi London katika gari la Lotus mwaka 1954, akaingia kazini kama mekanika, na hatimaye akawa bingwa wa dunia mara mbili. Milango ya mchezo uliokuwa wa matajiri ilikuwa imefunguka, na mojawapo ya milango hiyo ilikuwa ya zizi la Hornsey.

Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi, Lotus Six, lilitumia injini na vipuri vya magari ya kawaida ya Ford. Yaliundwa takriban 100 tu. Seven ndilo lililofuata, na ndilo lililotia fora.

Siri ya bei yake ilikuwa katika sheria. Tangu enzi za vita, serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa ununuzi kwa kila gari jipya lililotoka kiwandani likiwa kamili. Vipande havikutozwa, mradi mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Seven lililokamilika liligharimu takriban pauni 1,000 ushuru ukijumuishwa. Likiwa vipande, bei ilishuka hadi karibu nusu ya hiyo.

Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kampuni kumpa mnunuzi maelezo ya jinsi ya kuliunda gari. Chapman akatoa maelezo ya jinsi ya kulibomoa, na kumwachia mteja ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Lakini ushuru peke yake haungetosha. Nguzo ya pili ilikuwa imani yake kuhusu uzito. Wahandisi wengi walipotaka kasi walitafuta injini kubwa, na injini kubwa ni ghali. Inahitaji pia breki kubwa, magurudumu mapana na mihimili mizito ya kuibeba, na mwishowe gari linarudi lilikoanzia. Chapman aliliendea jambo hilo kwa upande wa pili. Alipunguza uzito kwanza, na faida ikaonekana kila mahali: gari liliondoka upesi, lilikata kona vyema, lilisimama haraka na kunywa petroli kidogo. Seven lilikuwa na uzito usiozidi nusu tani.

Yafaa kuzingatia maana ya hilo kwa mtu asiye na pesa. Injini ya farasi wengi hununuliwa dukani, ilhali wepesi hupatikana kwa kufikiri. Kwa miaka kadhaa, akili ya Chapman ilikuwa ruzuku aliyowapa wateja wake.

Mwaka huo huo wa 1957 alionyesha jijini London gari la Elite, lililokuwa dogo na la kupendeza. Bodi lake lote lilikuwa la faibaglasi bila fremu ya chuma chini yake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa gari la barabarani la kuuzwa kwa umma. Lilishinda tuzo za kitengo chake katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, kampuni ilipata hasara kwa kila moja iliyouzwa.

Funzo hilo alilitumia mwaka 1962 alipotoa Elan. Uti wa mgongo wake ulikuwa chuma kilichokunjwa, bodi lilikuwa la faibaglasi, na injini ilijengwa juu ya ile ya Ford. Liliuzwa kwa takriban pauni 1,100 likiwa vipande, na takriban pauni 1,500 likiwa tayari. Halikuwa bei ya kutupa, kwani magari ya MG na Triumph yalipatikana kwa chini ya hapo. Lakini mwalimu wa shule au karani wa benki aliyejinyima angeweza kulifikia, na wataalamu wengi hadi leo wanalihesabu miongoni mwa magari bora zaidi ya kuendesha kuwahi kuundwa.

Ushirikiano na Ford ulizaa pia Lotus Cortina mwaka 1963, gari la familia lililotiwa injini ya Elan. Wakenya wa umri mkubwa wanalikumbuka vizuri jina la Cortina, kwa kuwa ndugu yake, Cortina GT, ndilo lililompa Peter Hughes ushindi katika mashindano ya East African Safari mwaka 1964. Mwaka uo huo Jim Clark alitwaa ubingwa wa magari ya kawaida nchini Uingereza kwa kutumia Lotus Cortina, mara nyingi gurudumu la mbele likining'inia hewani katika kona.

Clark, mfugaji kutoka Scotland, alikuwa mtu wa karibu zaidi na Chapman katika ulimwengu wa mbio. Timu ya Lotus iliingia katika langalanga za Formula One mwaka 1958. Mnamo 1962 Chapman alileta gari la Lotus 25 ambalo, badala ya fremu ya mabomba, lilijengwa kwa mabati membamba yaliyoungwa kama mtumbwi, dereva akilala chali ndani yake. Mwaka uliofuata Clark alishinda mbio saba kati ya 10 na kuwa bingwa wa dunia. Alirudia ubingwa huo mwaka 1965, na mwaka uo huo akashinda mbio za maili 500 za Indianapolis nchini Marekani.

Ni Chapman pia aliyeishawishi Ford kutoa pauni 100,000 ili Duckworth na Costin, vijana wake wa zamani, watengeneze injini mpya ya langalanga. Injini hiyo ya Cosworth DFV ilishinda siku yake ya kwanza uwanjani, Juni 1967. Chapman angependa iwe ya Lotus peke yake, lakini kuanzia 1968 Ford ilikubali iuzwe kwa timu nyingine. Kwa zaidi ya miaka 10 iliyofuata, timu yoyote yenye fedha za kiasi na fundi hodari ilikuwa na injini ya kuwakabili Ferrari.

Wepesi nao ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo haikulipwa kwa pauni. Magari ya Lotus yalijulikana kwa kuvunjika. Chapman alipenda kila kipande kiwe na nguvu ya kutosha kumaliza mbio na si zaidi, na mahesabu yalipokosea kidogo, aliyelipa alikuwa dereva.

Clark aliaga dunia Aprili 7, 1968 katika mbio ndogo za Hockenheim, Ujerumani, gari lake lilipoacha barabara na kugonga miti. Jochen Rindt alifariki Septemba 5, 1970 wakati wa mazoezi huko Monza, Italia, katika ajali iliyohusishwa na kukatika kwa mhimili wa breki ya mbele. Alikuwa amekusanya pointi nyingi hivi kwamba alitawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini, mtu pekee katika historia ya mchezo huo. Rindt alikuwa amelalamika mara kadhaa kuhusu udhaifu wa magari hayo. Haifai kuyapita mambo haya kimyakimya kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na kipaji.

Chapman aliumia kwa kifo cha Clark kiasi kwamba wengi walidhani angeacha mchezo. Hakuacha. Mwaka huo Graham Hill aliiletea Lotus ubingwa, magari yakiwa yamepakwa rangi za kampuni ya sigara badala ya kijani cha taifa. Ulikuwa mwanzo wa udhamini wa kibiashara katika Formula One, na kila nembo iliyobandikwa tangu hapo kwenye magari hayo imefuata nyayo hizo.

Mwaka 1968 ulikuwa wa mabadiliko kwa upande wa biashara pia. Kampuni ilikuwa imehamia Cheshunt mwaka 1959, na kufikia 1966 ilikuwa Hethel, jimbo la Norfolk, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita. Sasa hisa zake ziliuzwa kwa umma katika soko la London, na Chapman akawa milionea kabla ya kufikisha miaka 41. Alirusha ndege zake mwenyewe, akaishi katika jumba la kifahari mashambani na kununua kampuni za kuunda mashua za starehe.

Wateja wake wa kwanza nao hawakuwa vijana tena. Aliyenunua Seven akiwa na miaka 22 mnamo 1957 sasa alikuwa anakaribia miaka 35, na pengine mke na watoto wawili. Kwa ajili yake, Chapman alikuwa ametoa mwaka 1967 gari la Elan Plus 2 lenye viti vidogo nyuma. Toleo lake la mwaka uliofuata, Plus 2S, lilikuwa Lotus ya kwanza ya barabarani ambayo haikuuzwa kabisa ikiwa vipande. Wachache walitilia maanani jambo hilo wakati huo.

Seven lenyewe lilianza kumchosha. Aliliona kama deni la ujana, gari la mabomba lisilolingana na kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Mnamo 1970 lilitolewa toleo la nne lenye bodi la faibaglasi, likikusudiwa kuvutia wateja wapya. Wapenzi wa zamani walilikunjia uso.

Kisha likaja pigo la ushuru. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya Januari 1973, na Aprili 1 mwaka huo ushuru wa zamani wa ununuzi ukaondolewa na mahali pake kuchukuliwa na Ushuru wa Ziada ya Thamani, almaarufu VAT. Ushuru huu mpya ulitozwa kwa gari kamili na kwa vipande vilevile. Mwanya uliokuwa umemfaidi kijana wa kipato cha chini kwa zaidi ya miaka 15 ulizibwa kwa siku moja.

Ni rahisi kuilaumu VAT kwa kila kilichofuata, na wengi wamefanya hivyo. Lakini mipango ya injini mpya ya Lotus na magari makubwa zaidi ilianza mwishoni mwa miaka ya sitini, ushuru huo ukiwa bado haujaingia. Chapman alikuwa amepiga hesabu zake. Kampuni ndogo haikuweza kushindana kwa bei na MG au Triumph, zilizounda magari kwa makumi ya maelfu. Sheria mpya za Marekani kuhusu usalama na moshi zilidai fedha nyingi kwa kila aina ya gari, liuzwe moja au yauzwe laki moja. Aliona njia moja: kuuza machache na kupata faida kubwa kwa kila moja.

Hesabu hizo hazikuwa za kijinga. Lakini zilikuwa pia na sura ya matamanio. Mtu aliyekuwa akikutana na wakuu wa Ford na mabingwa wa dunia alitaka jina lake litajwe pamoja na Ferrari na Porsche, si pamoja na gereji ya nyuma ya nyumba.

Mwaka huo wa 1973 haki za kuunda Seven ziliuzwa kwa Graham Nearn, mwenye duka la magari la Caterham kusini mwa London, ambaye alikuwa amebaki wakala wake mkuu. Elan nalo likakomeshwa, likafuatwa na Europa mwaka 1975. Katika muda wa miaka miwili hivi, kila gari la Lotus ambalo mtu wa kawaida angelitamani kwa matumaini ya kulipata lilikuwa limetoweka.

Elite jipya lilizinduliwa Mei 1974, miezi michache baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla kutokana na vita vya Mashariki ya Kati. Haukuwa wakati wa kuuza anasa. Kwa bei yake mtu angenunua magari matatu ya Cortina na kubakiwa na chenji. Ndilo lilikuwa tatizo la msingi: mnunuzi wa kiwango hicho hakutaka kusikia habari za spana. Alitaka milango ifungike vizuri, madirisha yasivuje na taa ziwake kila usiku. Mteja wa Seven alisamehe kasoro kwa sababu gari alikuwa ameliunda yeye, na kasoro nyingine zilikuwa zake. Mteja wa Elite hakusamehe.

Esprit lilionyeshwa Paris mwaka 1975, umbo lake likichorwa na Giorgetto Giugiaro wa Italia. Ukali wa mistari yake ulimvutia kila aliyelitazama, na mwaka 1977 lilionekana katika sinema ya James Bond likigeuka kuwa nyambizi. Watoto wa dunia nzima walibandika picha yake ukutani. Ulikuwa umaarufu mkubwa kuliko wowote Lotus ilioupata nje ya mbio, lakini picha ya ukutani ni jambo moja na gari la kuegesha mlangoni ni jambo jingine.

Mwaka 1969 Lotus ilikuwa imeunda zaidi ya magari 4,000. Mwaka 1980 hayakufika 400.

Wengine nao walikuwa wakiondoka. Kiwanda cha MG huko Abingdon kilifungwa mwaka 1980, na gari la mwisho la Triumph TR7 likatoka mwaka uliofuata. Taifa lililokuwa limewafundisha vijana wa nusu ya dunia kuendesha magari madogo ya wazi lilikuwa limebakiwa na machache sana ya kuwauzia.

Uwanjani mambo yalikwenda tofauti. Emerson Fittipaldi wa Brazil alitwaa ubingwa mwaka 1972. Baadaye Chapman na wahandisi wake waligundua jinsi ya kuunda sehemu ya chini ya gari ili hewa ilivute ardhini, na Mario Andretti akawa bingwa mwaka 1978. Furaha hiyo ilitiwa doa na kifo cha mwenzake, Ronnie Peterson, aliyefariki kutokana na majeraha aliyoyapata Monza. Ubingwa huo ulikuwa wa saba na wa mwisho kwa Lotus kama mtengenezaji.

Katika ukata huo wa kibiashara ndipo alipotokea John DeLorean, Mmarekani aliyepewa mamilioni na serikali ya Uingereza ili aunde magari ya kifahari karibu na Belfast. Mwaka 1978 Lotus ilikubali kuufanya uhandisi wa gari hilo. Malipo ya zaidi ya dola milioni 17 yalipitishwa kwa kampuni iliyosajiliwa Panama na kuendeshwa kutoka Uswisi, na hayakufika yalikokusudiwa.

Kampuni ya DeLorean ilifilisika mwaka 1982 na wachunguzi wakaanza kufuatilia nyayo za fedha hizo. Agosti mwaka huo, huko Austria, Elio de Angelis aliishindia Lotus, na Chapman akairusha kofia yake nyeusi hewani kama ilivyokuwa desturi yake. Ilikuwa mara ya mwisho. Desemba 16, 1982 mshtuko wa moyo ulimuua akiwa na umri wa miaka 54.

Mwaka 1992 mhasibu wake wa miaka mingi, Fred Bushell, alikiri kosa la kula njama ya ulaghai na kufungwa jela miaka mitatu. Jaji alisema kwamba Chapman, lau angekuwa hai na kusimama kizimbani, angestahili kifungo kisichopungua miaka 10. Hakuwahi kujitetea, na fumbo hilo alikwenda nalo.

Lotus ilinunuliwa na General Motors mwaka 1986, ikapita mikononi mwa mwenye Bugatti, kisha Proton ya Malaysia, na tangu 2017 inamilikiwa kwa sehemu kubwa na Geely ya China. Mwaka 1989 Mazda ya Japan ilitoa MX-5, gari dogo la wazi ambalo wabunifu wake hawakuficha kwamba walikuwa wameisoma Elan. Limeuzwa zaidi ya milioni moja. Lotus yenyewe ilijaribu kurudi nyumbani mwaka 1996 kwa gari la Elise, lililokuwa na uzito wa kilo 725 hivi na bei isiyofika pauni 20,000. Lilikomeshwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilizindua Eletre, gari kubwa la umeme linalotengenezwa Wuhan, lenye uzito unaokaribia tani mbili na nusu.

Graham Nearn alilitupilia mbali toleo la nne la Seven mwaka 1974 na kulirudia lile la tatu. Kampuni yake ya Caterham imo sasa mikononi mwa VT Holdings ya Japan, na gari hilo bado linaundwa. Nchini Uingereza mnunuzi anaweza kuletewa likiwa vipande ndani ya masanduku, ingawa bei yake sasa ni makumi ya maelfu ya pauni.